Uloto Wako Haukupigi, Wala Haupigi Ugonjwa

Hotuba kwa familia za wagonjwa wa saratani ya damu na wachangia damu, Mwanga, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, shehe wetu, padri wetu, mama zangu na baba zangu, shikamooni. Vijana, habari zenu. Nimeambiwa nina nusu saa, na kwamba baada yangu kuna wali na migebuka, kwa hiyo sitaleta ukaidi.

Wengi mnanijua. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimesomea magonjwa ya damu, kazi yangu iko Dar es Salaam, na kila nikija likizo simu haipoi. Siku hizi maswali mengi ni ya namna moja. Mtoto wa fulani ana saratani ya damu. Kuna mtu amewaambia ndugu zake kwamba huko nje ya nchi wanachukua uloto wake mwenyewe, wanausafisha, wanamrudishia, anapona. Hakuna kuhangaika kumtafuta ndugu wa kulingana naye, hakuna mwili kukataa. Kundi la WhatsApp la michango limeshafunguliwa, kiwanja cha Buzebazeba kimeshapata dalali. Ndipo wananipigia: daktari, twende?

Swali hilo halijibiki kwenye simu. Leo nitalijibu lote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Damu inatengenezwa kwenye uloto, ulio ndani ya mifupa kama nyonga, kidari na uti wa mgongo. Humo zinatoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani zinazozuia damu isivuje. Katika lukemia kali, ndiyo hiyo saratani ya damu tunayoizungumzia leo, seli moja changa ya ukoo wa chembe nyeupe inaharibika. Inakataa kukomaa, inazaana tu, na watoto wake wanajaza uloto mpaka nyingine zote zinakosa pa kukaa. Tunaiita kali kwa sababu inakwenda kwa wiki, haingojei miaka. Aina kubwa ni 2: ya limfu, ambayo hushika watoto zaidi, na ya mailoidi, ambayo hushika zaidi watu wazima. Mzishike akilini zote mbili, maana jibu la leo linageuka kufuatana na aina.

Mgonjwa anakuwa mweupe viganjani, homa haiishi, fizi zinatoa damu, anapata michubuko bila kujigonga. Mtoto anaumwa mifupa hadi anakataa kutembea. Sasa, hapa kwetu homa pamoja na kupungukiwa damu vina jina ambalo kila mtu analijua, malaria, na mara nyingi kweli ni malaria. Mtoto anapewa mseto. Akirudi anachomwa sindano. Akirudi tena anaongezewa chupa ya damu, anachangamka wiki moja, halafu anaanza upya. Nawaomba wauguzi na watu wa maabara mliokuja: mtoto akifikia kuongezewa damu mara ya pili na sababu haijajulikana, mpakeni tone lake kwenye kioo, na anayeangalia asiishie kutafuta vijidudu vya malaria. Atazame chembe nyeupe. Seli ya lukemia ni kubwa, kiini chake kimejaa karibu seli nzima, na ndani ya kiini kuna vidoa vyenye rangi hafifu. Ukishaiona mara moja huisahau. Kazi hiyo haihitaji mashine ya mamilioni, inahitaji darubini ileile na mtu asiye na haraka.

Matibabu huanza na dawa, ile mnayoiita kemo. Kwa aina ya mailoidi, mpango ambao dunia imeutumia tangu miaka ya 1970 ni dawa ya saitarabini kwa siku 7, pamoja na daunorubisini kwa siku 3. Tunataka seli changa zishuke chini ya asilimia 5 kwenye uloto na damu irudi katika hali yake. Hapo ndipo tunasema ugonjwa umelala. Familia nyingi hapo ndipo hupanda treni kurudi nyumbani, na siwalaumu, mtoto anakula, anacheza, na nauli ya kurudi tena haipo. Lakini sikilizeni hesabu yake. Siku mgonjwa anapogunduliwa, huwa ana seli za saratani zipatazo trilioni 1, ukizipima ni kama kilo. Darubini ikisema hamna kitu, bado zinaweza kuwamo bilioni kadhaa. Ukiacha dawa, zinaamka.

Uloto unaingia hapa. Madaktari waliona kwamba dozi ikipandishwa, seli za saratani zinazokufa huongezeka, ila uloto nao unakufa, na mtu bila uloto haishi. Basi wakajiuliza: vipi tukiutoa uloto kwanza, tukauweka pembeni, tukampa mgonjwa dozi ambayo kwa kawaida ingemmaliza, kisha tukamrudishia uloto wake? Wazo lote ni hilo, hakuna siri nyingine. Kinachotibu ni dozi. Uloto unaorudishwa unamuokoa mgonjwa na dozi ile, wenyewe hauna dawa ndani yake. Yeyote anayewauzia maneno kwamba uloto wa mtoto wenu utasafishwa na kumponya, ameruka sehemu inayotibu na ameruka sehemu inayoua.

Nieleze inavyofanyika, kwa sababu wengine mtakuja kukaa kando ya kitanda hicho.

Ugonjwa ukishalala, uloto unavunwa. Zamani mgonjwa alilazwa kifudifudi, akapewa usingizi, daktari akaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, akavuta kidogo, akasogeza, akavuta tena, mara nyingi sana, mpaka ikapatikana karibu lita moja. Siku hizi wengi huchomwa sindano za homoni kwa siku kadhaa, seli mama, zile zinazozaa chembe zote za damu, zinatoka mfupani na kuingia kwenye damu, kisha damu inapitishwa kwenye mashine inayozichuja na kumrudishia mgonjwa iliyobaki. Zikishapatikana zinachanganywa na dawa ya kuzikinga na barafu na kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Halafu inakuja wiki ngumu. Mpango mmoja wa zamani na bado unajulikana ni vidonge vya busulfani kila baada ya saa 6 kwa siku 4, kisha siklofosfamidi kwa siku 2. Mahali pengine hutumia mionzi ya mwili mzima. Wakimaliza, wanaleta mfuko. Ni mdogo, hauzidi kiganja. Muuguzi anauzamisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 37, barafu inayeyuka mbele ya macho yenu, na ndani ya dakika chache unatundikwa kama dripu ya kawaida. Hakuna upasuaji. Chumba chote kinanuka kama kitunguu saumu, ni ile dawa ya kuzuia barafu inatoka kwa pumzi ya mgonjwa, na harufu hukaa siku moja au mbili. Ndugu wengi hushangaa: ndiyo hiyo tu? Ndiyo hiyo.

Baada ya hapo ni kungoja. Zikirudishwa seli zilizochujwa kutoka kwenye damu, chembe nyeupe huanza kuonekana kwa siku 10 hadi 14. Ule uloto wa kuvutwa mfupani huchukua wiki 3 au 4, pengine zaidi. Siku zote hizo mgonjwa hana askari hata mmoja. Mdomo unajaa vidonda, chakula hakipiti, homa ndogo ni dharura. Anaishi kwa dawa za vijidudu na kwa damu za watu wengine. Na uwezo wa kuzaa, kwa wengi, unapotea, jambo ambalo kijana wa miaka 19 anapaswa kuambiwa kabla, si baada.

Mwaka fulani mama mmoja muuza samaki wa Kibirizi aliniuliza swali wodini, mwanawe akiwa kitandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Daktari, kama uloto ni wa mwanangu, na ugonjwa uko kwenye uloto, huo ugonjwa si mnaugandisha nao, mnamrudishia?" Mama yule hakumaliza darasa la saba. Wataalamu wa dunia walitumia karibu miaka 20 kupata jibu la swali lake.

Chukueni mkulima aliyevamiwa na magugu. Anaweka mbegu zake ghalani, anachoma shamba mpaka udongo, anarudisha mbegu. Magugu yakiota tena, yametoka wapi? Yalibaki udongoni, moto haukuyafikia? Au yalikuwa yamechanganyika na mbegu ghalani? Ukilitazama shamba lililoota huwezi kujua.

Aliyejua ni Malcolm Brenner na wenzake kule Memphis, Marekani. Walichukua uloto wa watoto wenye lukemia ya mailoidi iliyolala, na kabla ya kuugandisha wakazitia alama baadhi ya seli, kijeni kidogo kisichodhuru ambacho hakimo katika mwili wa binadamu. Wakawapa watoto dozi, wakawarudishia. Wawili ugonjwa ukawarudia. Madaktari wakazipima seli zile za saratani na kukuta alama. Magugu yalikuwamo kwenye mbegu. Matokeo yalichapishwa 1993, na mama wa Kibirizi alikuwa amepatia.

Jambo la kwanza linalokujia ni kuzipepeta mbegu. Walijaribu. Huko Baltimore, katika miaka ya 1980, waliuogesha uloto kwa dawa ya ukoo wa siklofosfamidi kabla ya kuugandisha, na Paris walifanya jambo linalofanana. Hiyo ndiyo "kusafisha" mnayosikia. Tatizo, dawa inayoua magugu inajeruhi na mbegu. Damu ilichelewa sana kurudi, hasa chembe sahani, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba uloto umetoka safi. Siku hizi njia hiyo imeachwa karibu kila mahali.

Lakini tuseme mbegu ni safi kabisa. Je, ingetosha? Hapa ndipo penye utamu, na ndiyo sababu nimepanda jukwaani.

Kuna watu ambao mbegu zao safi zipo: mapacha wa kufanana. Uloto wa pacha ni kama wa mgonjwa mwenyewe, mwili haujui tofauti, na pacha haugui. Mwaka 1959 Mmarekani E. Donnall Thomas, yule aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, aliandika habari za wagonjwa 2 wa lukemia waliopigwa mionzi ya mwili mzima wakapewa uloto wa mapacha wao. Uloto ulishika vizuri. Baada ya miezi michache ugonjwa ukarudi kwa wote wawili. Miaka iliyofuata, wagonjwa walipokuwa wengi, jambo likawa wazi: anayepewa uloto wa pacha wa kufanana, ugonjwa humrudia mara nyingi kuliko anayepewa uloto wa ndugu wa kawaida.

Kwa nini? Kwa sababu chembe nyeupe za kaka au dada ni wageni ndani ya mwili. Zinatazama kila kitu kwa macho ya ugeni. Zikikuta seli ya lukemia iliyojificha, zinaipiga. Ubaya wake, zinaweza kuipiga na ngozi ya mgonjwa, utumbo wake, ini lake, na watu hufa kwa hilo. Uloto wako mwenyewe una adabu, haukugusi. Kwa adabu hiyohiyo hauugusi ugonjwa pia, maana umekua nao na umeshauzoea. Usalama wake na udhaifu wake ni kitu kimoja.

Sasa matokeo. Uingereza walilinganisha watu wenye lukemia ya mailoidi iliyolala: kundi moja waliongezewa dozi kubwa na uloto wao wenyewe, kundi jingine waliishia kwenye kemo. Taarifa ilitoka 1998. Ugonjwa ulirudi kwa asilimia 37 ya kundi la kwanza na asilimia 58 ya kundi la pili. Tofauti kubwa. Ila ukihesabu walio hai, pengo linapungua sana, kwa kuwa kundi la kwanza lilipoteza watu zaidi kwa matibabu yenyewe, ugonjwa ukiwa umelala, na katika kundi la pili baadhi ya waliorudiwa waliweza kuokolewa kwa njia nyingine. Marekani walipofanya utafiti wao, nao ukatoka mwaka huohuo, hawakuona faida juu ya kemo ya nguvu. Kwa hiyo kwa aina ya mailoidi mimi husema: ni njia halali, ina mahali pake kwa baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa wao si wa hatari kubwa na vipimo vya ndani havioni mabaki ya seli za saratani. Ipo Ulaya mpaka leo. Lakini si muujiza, wala haina haki ya kuuza kiwanja kabla ya mambo mengine.

Kwa aina ya limfu nitasema kwa ukali zaidi. Utafiti mkubwa wa watu wazima, Waingereza na Wamarekani pamoja, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba waliopewa uloto wao wenyewe walifanya vibaya kuliko walioendelea na kemo kwa muda wake. Na watoto ndio kabisa. Mtoto mwenye aina ya limfu katika nchi tajiri, karibu 9 kati ya 10 wanapona, na wengi wao hawajapandikizwa chochote. Wanapona kwa miaka 2 au 3 ya dawa, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa vidonge vya kila siku na vya kila wiki, mtoto akiwa anaenda shule. Fedha mnayotaka kuipeleka kwenye ndege ingelipa nauli na chakula cha mama kwa muda wote huo. Nimesema. Mtanisamehe sauti kupanda.

Kuna aina moja ndogo ya mailoidi inayovujisha damu vibaya sana mwanzoni, na hiyo inatibiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A, iliyoanza kuonyesha maajabu Shanghai katika miaka ya 1980, pamoja na aseniki. Ndiyo, ile sumu. Wanaonusurika wiki za kwanza, wengi mno wanapona bila kupandikizwa. Ugonjwa huo ukirudi, kisha dawa zikaulaza tena, hapo uloto wa mgonjwa mwenyewe unafanya kazi nzuri kweli. Aina ina maana, ndiyo maana nawasisitizia karatasi ya majibu ya vipimo, ile inayotaja aina.

Na kwa wale ambao ugonjwa wao ni wa hatari na wanahitaji kupandikizwa, habari imebadilika. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Zamani ukikosa, uliishia kwenye uloto wako. Siku hizi mzazi, au mtoto, anayelingana nusu tu anaweza kuchangia, kwa mbinu ya kumpa mgonjwa siklofosfamidi siku chache baada ya kupandikizwa ili kuzituliza zile chembe zenye hasira. Hilo limepunguza sana sababu ya kutumia uloto wa mgonjwa mwenyewe kwa lukemia kali.

Msinielewe kwamba naudharau. Muhimbili walipoanza kupandikiza uloto mwaka 2021, walianza na wagonjwa wa mayeloma, saratani nyingine ya uloto, kwa kutumia seli zao wenyewe, na kwa ugonjwa huo ndiyo njia inayoheshimika duniani. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza 2023 na watoto wa selimundu, kwa uloto wa ndugu zao. Kwa hiyo kabla ya kutafuta pasipoti, ulizeni kwanza huko, na muulize hivi: Ni aina gani hasa? Umelala au haujalala? Mabaki yamepimwa kwa kipimo gani? Mnatumia uloto wa nani, na kwa nini si wa ndugu? Asipokujibu la mwisho, funga faili lako uondoke kwa heshima.

Nimalizie na wachangia damu, maana mmesimama nyuma huko muda mrefu. Mtu anayengoja uloto ushike anahitaji chembe sahani mara kwa mara, na chembe hizo hudumu siku 5 tu nje ya mwili. Haziwekwi akiba kama mchele. Anayechangia Ijumaa moja kwa mwaka anasaidia, anayerudi kila miezi 3 akiwa mwanamume, 4 akiwa mwanamke, ndiye anayefanya wodi ya saratani iweze kufunguliwa. Watu wa Damu Salama wako nje chini ya mwembe mpaka saa 10 jioni.

Baada ya hotuba maswali yalikuwa mengi, naandika moja lililonifurahisha. Binti mjamzito aliuliza kuhusu kampuni zinazohifadhi damu ya kitovu, dada yake aliyeko ughaibuni amemshauri amwekee mtoto wake akiba, akiugua lukemia atumie yake. Nilimjibu kwamba damu ya kitovu ni kweli ina seli mama, na mwaka 1988 huko Paris mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa damu alipandikizwa kwa mafanikio damu ya kitovu cha mdogo wake. Lakini mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi watoto walipozaliwa, watoto ambao baadaye walipata lukemia, na kwenye baadhi ya matone yale alama ya ugonjwa ilikuwapo tayari. Kwa hiyo damu ya kitovu chake mwenyewe, kwa lukemia, daktari makini ataisukuma kando. Ya mdogo wake inayolingana, hiyo ataiomba.